Kukoboa si Kusafisha

Katika vipeperushi vya afya, mabango ya kliniki za kisukari na vipindi vya redio kuhusu lishe, kuna kirai kimoja ambacho ningependa kiondolewe: "wanga uliosafishwa". Mara huja kwa sura ya "nafaka zilizosafishwa", mara "vyakula visivyosafishwa". Mtaalamu anayekitumia ana jambo la kweli na la muhimu la kusema, kwamba unga mweupe, mchele mweupe na mkate mweupe si vyakula vya kutegemea kila siku. Lakini sikio la Mswahili hupokea habari nyingine kabisa. Kusafisha ni kutoa uchafu. Tunasafisha jeraha, tunasafisha kisima, tunasafisha nia. Ukimwambia mzazi awalishe wanawe chakula kisichosafishwa, umemwambia awape uchafu, na moyo wake hauwezi kulikubali hilo hata kama mdomo unaitikia, "Sawa, daktari."

Nadhani kirai hicho kilizaliwa mezani, kwa mfasiri aliyekutana na neno la viwanda vya sukari na mafuta, akalitafutia mwenzake kwenye kamusi. Angetoka nje akatembea hadi mashine iliyo karibu, angekuta neno analolitafuta limeandikwa ukutani kwa rangi: tunasaga na kukoboa nafaka. Kukoboa. Neno hili halisifu wala halilaumu, linataja kitendo tu. Punje ilikuwa na ganda, sasa imeambuliwa. Aliyekoboa hajatoa uchafu, ametoa sehemu ya chakula, na msikilizaji anayelijua neno ana haki ya kuuliza swali linalofuata: hicho kilichotolewa kilikuwa na nini, na kimekwenda wapi?

Kukoboa nako hakuko peke yake. Kiswahili ni lugha ya watu waliokula nafaka kwa karne nyingi, na karibu kila hatua kati ya shamba na chungu ina kitenzi chake. Kupura ni kupiga masuke ili punje zitoke. Kupepeta ni kurusharusha nafaka kwenye ungo ili makapi yatengwe. Kutwanga ni kazi ya kinu na mchi. Kupwaya ni kutwanga kwa mara ya mwisho, hasa mchele, mpaka utakate. Kupaaza ni kusaga bila kulainisha, zibaki chenga. Kuchekecha ni kupitisha unga kwenye chekeche ili laini iende huku na chenga zibaki kule. Mjadala mzima wa leo kuhusu wanga ulio bora na wanga ulio dhaifu umo ndani ya vitenzi hivi, kwa sababu kila kimoja kinaeleza kilichotoka na kilichobaki. Mtu aliyekua karibu na kinu anayo istilahi ya lishe tayari. Hajaambiwa tu kwamba ni istilahi.

Tuitazame punje ya hindi. Nje kuna ganda, jembamba, lenye nyuzinyuzi nyingi. Ndani, upande wa ile ncha iliyoshikana na gunzi, kuna kiini, mahali ambapo mche ungechipukia. Sehemu iliyobaki, kama nne kwa tano za uzito wote, ni akiba ya wanga ambayo mmea uliiweka ili iulishe mche huo. Kiini hakifiki hata sehemu moja kwa saba ya punje, lakini kimebeba zaidi ya robo tatu ya mafuta yake yote, pamoja na madini na vitamini. Lugha imekipa jina linalokistahili, kwa kuwa kiini ndilo neno tunalotumia tunapotafuta chanzo cha ugomvi au moyo wa habari. Mashine inapokoboa, ganda huondoka na sehemu kubwa ya kiini huondoka nalo. Inayobaki ni ile akiba peke yake.

Sababu za kukoboa si za kijinga, na ni haki zitajwe. Mafuta ya kiini huchacha. Unga uliosagwa na kiini chake huanza kuwa mchungu baada ya wiki kadhaa, hasa kwenye joto la pwani, ilhali unga uliokobolewa hukaa miezi, husafiri kwa lori kutoka Iringa hadi Dar es Salaam na kusubiri rafuni bila kuharibika. Mwenye kiwanda anataka unga unaosubiri. Mwenye duka vivyo hivyo. Ladha nayo ina neno lake: ugali wa unga uliokobolewa ni mwororo, hautii ukakasi kooni, na watoto huupenda.

Tanzania ina majina mawili mafupi kwa tofauti hii yote, sembe na dona, na sijui lugha nyingi zilizobahatika hivyo. Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa. Dona ni unga wa mahindi yaliyosagwa na ganda lake. Anayefika mashineni na debe lake huulizwa swali moja tu, "Sembe au dona?" na kwa jibu la neno moja anakuwa ameamua ni nini kitaingia mwilini mwa familia yake kwa mwezi mzima. Hakuna mhadhara wa lishe unaoweza kufikia ufupi huo. Linalonisikitisha ni kwamba majina haya hayakubaki sawa kwa heshima. Sembe imepewa meza, dona ikapewa bweni la shule, jela, kambi na, siku hizi, mgonjwa. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anayeagiza ugali wa dona kwa mama lishe huenda akaulizwa kwa huruma kama amekutwa na sukari.

Weupe wenyewe una historia. Mahindi yalitoka Amerika na kufika pwani yetu baada ya Wareno, na kwa muda mrefu yalikuwa ya rangi nyingi. Ugali wa mababu wengi ulikuwa wa mtama, uwele, ulezi au muhogo, na rangi yake ilikuwa ya udongo. Katika miaka ya ukoloni, soko la Uingereza la mahindi ya kutengenezea wanga wa viwandani lililipa zaidi kwa mahindi meupe, na upendeleo huo ukaota mizizi kwenye mashamba ya walowezi kisha kwenye mashamba ya wote. Uliota hata midomoni. Watanzania waliokuwa na akili zao kwenye miaka ya njaa ya 1970 wanaukumbuka "unga wa Yanga", ule wa mahindi ya njano ulioletwa kama msaada, ukapewa jina kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya soka. Watu waliula kwa sababu hapakuwa na mwingine, na wakauacha mara tu mweupe uliporudi. Lakini rangi ile ya njano inatokana na viinilishe ambavyo baadhi yake mwili huvitumia kutengeneza vitamini A, na hindi jeupe karibu halina hata chembe yake.

Kenya haikuwa na bahati ya jozi ya sembe na dona kwa uwazi uleule. Huko unga wa pakiti huitwa gredi ya kwanza, na ule wa kusagwa mzima huitwa unga wa posho mili, kwa jina la mashine. Neno posho linastahili kituo kidogo, maana limetembea kuliko maneno mengi. Zamani za misafara lilikuwa fungu la chakula la mpagazi, kibaba cha nafaka kwa siku au kitambaa cha kununulia. Mashamba na reli za wakoloni zilipoanza kuajiri watu kwa maelfu, posho ikawa unga wa mahindi uliogawiwa kila wiki. Kutoka hapo neno likagawanyika njia tatu. Uganda lilikwenda kuwa chakula chenyewe: posho ni ugali wa mahindi, wa shuleni na wa hotelini. Kenya lilikwenda kuwa jina la mashine. Tanzania liliacha chakula kabisa likawa fedha, posho ya kikao, posho ya safari. Ukilifuata neno hili unaona namna hindi lilivyoingia kwenye sahani ya Afrika Mashariki: kwa wengi halikuja kama pishi la nyumbani, lilikuja kama ujira. Na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990, Kenya ilipolegeza vizuizi vya kusafirisha na kuuza mahindi, familia nyingi za mijini zilirudi posho mili kwa sababu unga wake ulikuwa nafuu. Walifuata bei, wakapata na ganda na kiini.

Sasa nije kwenye neno wanga lenyewe, ambalo naliheshimu lakini naliona limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko mabega yake. Pwani kuna mmea uitwao uwanga, wenye majani mapana yaliyochanika na tunguu chungu ardhini. Tunguu hilo halilikiki hivi hivi. Hukunwa, hulowekwa, huoshwa kwa maji mengi mara kadhaa mpaka uchungu utoke, na kinachotuama chini ya chombo ni unga mweupe, mwororo, usio na ladha. Huo ndio wanga katika maana yake ya awali: kitu kilichotengwa na mmea wake, kikaoshwa mpaka kisibaki kingine. Walipokuja wataalamu wakalichukua neno hilo kuwa jina la kundi zima la chakula, wakaweka ndani yake mtama, viazi vikuu, ndizi, maharage kwa sehemu, mkate, andazi na soda, vyote vikawa "vyakula vya wanga". Shuleni tukafundishwa kuviita vyakula vya kutia nguvu. Nguvu hizo ni za kweli. Lakini jina linalounganisha kiazi kitamu na soda haliwezi kumsaidia mtu kuchagua, na leo kuchagua ndiko kunakotakiwa.

Nasikia ushauri wa "punguza wanga" ukitolewa kwa watu ambao wanga ndio chakula chao. Kwa Kiswahili cha nyumbani, chakula ni ule ugali, ule wali, zile ndizi. Kilichobaki ni mboga na kitoweo. Ukimwambia mtu apunguze wanga, umemwambia apunguze kula, na asiye na uwezo wa kununua samaki na kuku wa kujazia pengo hilo atashinda na njaa siku mbili kisha arudi alikokuwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, halikumwambia mtu akimbie wanga. Lilisema wanga utoke hasa kwenye nafaka nzima, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe. Ushauri huo unaweza kutekelezwa na mtu mwenye debe la mahindi, kilo mbili za maharage na mchicha wa uani.

Kuna jina jingine linalopotosha, na hili lina madhara ya moja kwa moja: sukari, au kisukari, kwa maana ya ugonjwa. Mgonjwa akishaambiwa ana sukari, huacha sukari. Chai yake haitiwi sukari tena, soda anaikataa hadharani, na familia inamsifu kwa ujasiri. Kisha mchana anakula mlima wa ugali wa sembe, jioni wali mweupe, asubuhi chapati mbili za unga mweupe, na kipimo hakishuki. Hakuna aliyemdanganya. Jina ndilo lililomwelekeza kwenye kopo la sukari na kumficha sufuria. Wanga unaomeng'enywa, ukifika tumboni, huvunjwa hasa kuwa glukosi. Tofauti ni kasi na wingi. Ganda, nyuzinyuzi na umbo la punje huchelewesha kuvunjwa huko, na unga uliokobolewa ukalainishwa hauna cha kuuchelewesha. Nimesikia wauguzi wanaolieleza hili vizuri kabisa bila neno hata moja la kigeni: "Mama, sembe nayo ni sukari, inapiga kona tu." Ningeliweka hilo kwenye kila kipeperushi.

Nisimame zaidi kwenye kile kinachotupwa, kwa sababu hapo ndipo lugha ilipotoa hukumu kali na isiyo ya haki. Mabaki ya nafaka yana majina mengi. Kumvi ni maganda magumu ya mpunga. Wishwa ni mabaki ya kutwanga na kupepeta. Kapi, makapi, ni kile kisicho na kitu ndani. Pumba ni ganda lililosagika pamoja na kiini, lile linalowekwa kwenye magunia pembeni mwa mashine na kuuzwa kwa wafugaji wa kuku, ng'ombe na nguruwe. Mwenye mahindi asipoidai pumba yake, hubaki kwa mwenye mashine. Nje ya mashine, maneno haya yamekuwa matusi. Anayesema ovyo anaongea pumba. Mwanasiasa aliyekataliwa na chama kimoja akapokelewa na kingine anaitwa makapi. Lugha iliyozoea kutamka hivyo kila siku itawezaje kumshawishi mtu kwamba pumba ndiyo iliyobeba sehemu bora ya punje?

Kuku walilijua hilo kabla ya madaktari. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, jiji linaloitwa Jakarta leo, akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliokuwa ukilegeza miguu ya askari na wafungwa mpaka wakashindwa kusimama, na mara nyingi ukasimamisha mioyo yao. Kuku wa maabara yake wakaanza kuyumba kwa namna ileile. Kisha, ghafla, wakapona. Alipochunguza aligundua kwamba walikuwa wamelishwa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia wali wa jeshi. Wakarudishiwa mchele ambao haukung'arishwa, na nguvu zikarudi. Uchunguzi uliofuata katika magereza ya Java ulionyesha tofauti ileile kwa wanadamu: palipoliwa mchele mweupe beriberi ilijaa, palipoliwa mchele wenye ngozi yake ilikuwa adimu. Eijkman mwenyewe alichukua muda kukubali kwamba hakuna sumu wala kijidudu, ila kuna kitu kilichokosekana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kinachonigusa mimi, mpenda maneno, ni kilichotokea mwaka 1912. Mpolandi Casimir Funk, akifanya kazi London na kujaribu kukitenga kile kitu kilichokuwa kinaponya ndege, alikitafuta kwenye pumba ya mchele. Akakihitajia jina. Akachukua neno la Kilatini lenye maana ya uhai akaliunganisha na jina la aina ya kemikali aliyodhani ameipata, na hivyo likazaliwa neno ambalo leo kila mama kliniki analitamka, vitamini. Limetoka kwenye gunia la pumba. Nadhani watoto wa shule wanaofundishwa aina za vitamini kwa herufi zake wangefurahi kulijua hilo, na pengine wangeliangalia gunia lile pembeni ya mashine kwa jicho jingine.

Nyuzinyuzi nazo zina ukoo hapa kwetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929 kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Burkitt anajulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, lakini yeye na Trowell walibaki na swali moja kutoka wodi za Mulago: kwa nini maradhi yaliyojaza hospitali za Uingereza, ya utumbo, ya nyongo, kisukari cha ukubwani, maradhi ya mishipa ya moyo, yalikuwa machache hivyo kwa wakulima wa Uganda waliokula matoke, viazi vitamu, wimbi na maharage? Burkitt aliandikia hospitali za misheni barani kote akiuliza wanachokiona. Akapima hata muda ambao chakula kinachukua kupita tumboni mpaka kutoka, jambo ambalo wenzake waliliona la aibu. Mwaka 1972 Trowell alitoa maelezo yake ya nini kihesabiwe kuwa nyuzinyuzi za chakula, na mwaka 1975 wawili hao walihariri pamoja kitabu kizima juu ya wanga uliokobolewa na maradhi. Si kila walichokidhania kilisimama. Lakini msingi wake umeungwa mkono na utafiti wa miaka mingi iliyofuata, na mashahidi wa kwanza walikuwa wakulima wa Uganda, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa tazama jina tulilolipa jambo hilo. Maandishi mengi ya lishe ya Tanzania huliita makapi mlo. Wengine husema nyuzinyuzi, wengine nyuzilishe, na kuna ufumwele kwenye vitabu. Makapi mlo ni tafsiri ya mtu aliyeangalia kisichomeng'enywa akadhani kwa hiyo hakina kazi. Mimi ninapiga kura kwa nyuzinyuzi. Si kamili, maana baadhi yake haziko kama nyuzi hata kidogo: ute wa bamia ni jamii hiyo pia. Lakini angalau jina hilo halimwambii mlaji kwamba anakula takataka.

Upande wa serikali nako kuna neno jema linalofanya kazi nusu. Tanzania ilitunga kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011 na Kenya ikaufanya wa lazima mwaka 2012, hivyo unga wa viwandani huongezwa madini ya chuma, zinki, foliki na vingine. Kurutubisha ni neno la udongo, la rutuba, na linaleta picha ya kitu kilichochoka kinachorudishiwa uhai. Ni kazi njema na imeokoa watoto wengi na ulemavu wa mgongo. Lakini kinachorudishwa ni vile vichache vilivyochaguliwa. Nyuzinyuzi hazirudishwi, wala mafuta ya kiini.

Kuna jambo moja ambalo mtetezi wa dona asipolisema atakuwa amewadhuru watu, nalo lina istilahi bora kuliko zote nilizozitaja: sumukuvu. Sumu na kuvu, maneno mawili ya nyumbani yaliyounganishwa mpaka hayahitaji maelezo. Mahindi yaliyovunwa na unyevu yakarundikwa huota kuvu, na kuvu hao huacha sumu inayoharibu ini. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 125 walikufa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Tanzania ya kati, Dodoma na Manyara. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa hupunguza hatari, na unga wa dona wa mahindi mabaya ni mbaya zaidi kuliko sembe yake. Anayetaka dona aanze na hindi: lianikwe juu ya turubai na si ardhini, likauke mpaka ling'atwe lilie, na punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zichambuliwe kabla ya safari ya mashineni. Hizo zisipewe kuku pia.

Istilahi ninayoipenda kwa lebo za dukani ni nafaka nzima. Kiswahili kimefanya jambo la ajabu na kivumishi hiki cha -zima: ni kitu kisichopungua, na ni kiumbe asiye na maradhi. "U mzima?" tunaulizana kila asubuhi. Kila istilahi nyingine inaeleza chakula hiki kwa kukanusha, kisichokobolewa, kisichong'arishwa, kana kwamba kina upungufu. Hii inakithibitisha. Ina mpaka wake, hata hivyo. "Unga mzima" mtu atadhani ni unga wote uliomo kwenye gunia, kwa hiyo inabidi tuseme unga wa nafaka nzima. Na mkate wa brauni usichanganywe na mkate wa ngano nzima, kwa sababu rangi inaweza kutiwa. Asomaye orodha ya viungo atafute ngano nzima, au ata, neno ambalo wapishi wa chapati wa pwani walilipokea kutoka India na ambalo kwa asili ni unga wa ngano pamoja na ganda lake.

Na uzima wa kweli uko kwenye punje ambayo hata jiwe halijaigusa. Dona iliyosagwa laini sana nayo huingia kwenye damu kwa haraka kiasi, maana kusaga na kukoboa ni mambo mawili: moja linavunja umbo, jingine linatoa sehemu. Makande ya mahindi yenye ganda na maharage, au githeri ya Kenya, yanaupa mwili kazi ya kuivunja punje yenyewe. Ulezi una bahati yake: punje ni ndogo mno kukobolewa, kwa hiyo uji wake karibu kila mara ni wa nafaka nzima, na kila gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, jambo ambalo mahindi na mchele havikaribii.

Limebaki pengo moja kwenye lugha. Mpunga ukikobolewa huitwa mchele, mchele ukipikwa huitwa wali. Mpangilio huu ni mzuri kuliko wa lugha nyingi, lakini haukuacha nafasi ya mchele uliovuliwa kumvi tu na kuachiwa ngozi yake ya rangi ya udongo. Wapo wanaouita mchele usiokobolewa, na hilo ni sawa na kusema wali usiopikwa: usiokobolewa ni mpunga, na kumvi hazilikiki, huchomewa matofali. Wengine husema mchele wa brauni, jina la rangi tu. Wanawake wa kinu walishalitatua. Kutwanga kwa kwanza kulitoa kumvi, kupwaya kulitoa ile ngozi. Tunachokitafuta, basi, ni mchele usiopwaywa. Najua kijana wa leo akisikia kupwaya atafikiria suruali iliyomzidi kiuno, lakini kamusi zinayo maana ya kinu, na neno lenye mwenyewe halihitaji kuazimwa.

Upatikanaji wake unategemea mashine. Zile za chuma za mtindo wa zamani hutoa kumvi na ngozi kwa mpigo mmoja na kuvichanganya, hivyo mchele usiopwaywa haupiti humo. Zile za rola za mpira huvua kumvi kwanza, kisha hupeleka mchele kwenye hatua ya kung'arisha, na katikati ya hatua hizo mwenye mashine anaweza kuukinga kwenye ndoo ukimwomba mapema, kabla hajawasha mtambo wa pili. Ununuliwe wa mwezi mmoja au miwili tu, kwa sababu ngozi yake ina mafuta na huchacha. Ulowekwe usiku, maji ya kupikia yaongezwe, na moto uwe wa taratibu kwa karibu mara mbili ya muda wa mchele mweupe.